Punguzeni Miti

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha Kituo leo. Ukumbi uleule, viti vilevile vya plastiki vinavyoteleza. Nieleze — ingawa hapa sina mwanafunzi. Ualimu hauishi mifupani! Kazi ya Kituo ni kuwakalisha meza moja watu ambao kwa kawaida hata hawasalimiani: mkulima, mtafiti, seremala, bwana miti. Kila mmoja ana tatizo, na mwenzake ana kipande cha jibu. Wanabuni pamoja, kisha wanajaribu kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Safari hii ni misaji, ile miti ya mbao ngumu, ikae shamba moja na mahindi. Mimi, mstaafu, nachukua maneno ya Mtafiti na kuyaweka katika Kiswahili cha watu.

Mtafiti aliandika "kupogoa matawi ya chini". Nikaona kupogoa ni neno la kitabuni, litawababaisha. Nikaandika: *Punguzeni miti, jua lifike kwenye mahindi.* Fupi, tamu. Mratibu wa Kituo akasifu. Karatasi zimegawiwa. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Jumatano, 12 Machi

Nimepita kwa shemeji, mke wa marehemu mdogo wangu. Shamba lake ni mojawapo ya yale ya majaribio. Tangu njiani nikaona mwanga mahali nilipozoea kivuli. Nikadhani nimekosea njia.

Misaji imelala chini. Mmoja umesimama, wa pili umekatwa, mmoja umesimama, wa pili umekatwa — mpaka mwisho wa shamba. Shemeji alikuwa amekaa juu ya gogo, anajipepea kwa karatasi yangu.

Karibu shemeji, akasema. Umeniambia nipunguze, nimepunguza. Mgongo si wangu tena.

Nikamuuliza, matawi? Matawi gani, akasema, hapa pameandikwa miti. Akanionyesha kwa kidole, kama mimi nilivyokuwa nawaonyesha watoto ubaoni.

Nikamweleza kwamba ilikuwa ni kupogoa. Akaikunja karatasi. Kisha akasema polepole: Ungesema kupogoa, ningepogoa.

Alhamisi, 13 Machi

Sikulala vizuri. Safu ya tatu haipo kabisa. Safu zote mdogo wangu alizipanda kwa kamba yenye mafundo, zimenyooka kama mstari wa daftari — isipokuwa ile. Siku ya kuipanda walikuwa wamegombana, yeye na mkewe, kila mmoja akavutia kamba kwake. Ikapinda. Walikuja kuicheka miaka yote. Akija mgeni, mdogo wangu humpeleka huko kwanza: Njoo uone ndoa yangu.

Shemeji alianza na hiyo. Ameniambia bila kuniangalia: ukipunguza miti, si unaanza na iliyopinda? Mtu yeyote angefanya hivyo. Mimi pia ningefanya hivyo.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Kalamu hawakuitaja.

Jumanne, 18 Machi

Kikao cha dharura. Nilisimama kabla ya ajenda nikasema neno ni langu, shemeji asiguswe. Mtafiti — binti mpole, lakini mambo ni mambo — akaeleza kwamba shamba lile haliwezi tena kulinganishwa na mengine, ambayo bado hayajaguswa. Miti ni nusu, kivuli ni nusu. Akapendekeza litolewe kwenye jaribio. Likitolewa, shemeji hana tena bwana miti wa kumtembelea, hana miche, hana kiti pale mezani. Miaka mitatu ameihudumia misaji ile kwa ajili ya wote, halafu atoke kwa neno langu!

Msumari, ndiye seremala wetu, akadakia: Visiki vya msaji huchipua. Viacheni vichipue, tuone vinakua upesi kiasi gani. Si ndio ubunifu huo?

Shemeji akamkata: Ubunifu wako uanze kwenye miti yako, Msumari.

Ukumbi ukacheka. Hata Mratibu. Mimi nilishindwa kucheka. Mwishowe wamekubaliana kusubiri: vikichipua vizuri, na vikitunzwa sawasawa, shamba linabaki kama jaribio la machipukizi. Visipochipua, basi. Mvua ikubali tu.

Tulipotoka nilimwambia nisamehe. Akasema: Nimekusamehe, lakini miti haijui. Kisha akaniuliza kama nimekula. Ndivyo alivyo.

Jumapili, 30 Machi

Hakuna kitu. Visiki vikavu kama visigino.

Jumatano, 9 Aprili

Vimechipua! Hata safu ya tatu. Kila kisiki machipukizi manne, matano, mekundumekundu, yanasukumana kama wanafunzi mlangoni. Shemeji alisimama pale muda mrefu.

Mtafiti naye amefurahi. Anasema kwenye kila kisiki libaki moja tu, lile lenye nguvu, mengine yakatwe mapema. Ukikata ovyo, kisiki kinachoka, hakirudii tena. Mratibu akanipa kazi ya karatasi. Nikasema mpe mwingine. Akasema hakuna mwingine, Mwalimu, ila fupisha. Sentensi moja!

Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Mke wangu amenisikiliza nikisoma mpaka akasinzia. Mwishowe: *Kila kisiki, acha chipukizi moja.* Sasa hapo mtu atakosea nini?

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi. Nilikuwa nimeanza kuandika habari za mvua — hodi! Shemeji yuko dirishani. Karatasi mkono mmoja, panga mkono mwingine, matope hadi magotini.

Shemeji, anasema, hili "acha" lako. Niliache moja likae? Au niliache kama mume anavyomwacha mke, nilikate, mengine yabaki?

Mke wangu amecheka huko jikoni. Nimelitazama neno langu, dogo, safi, herufi nne. Kweli. Linakwenda kote kuwili.

Nimemwomba asubiri kidogo, natafuta neno zuri zaidi.

Usilitafute, amesema. Maneno yako nayajua. Twende ukanionyeshe kwa kidole.

Nimemuuliza kama ameshakata popote.

Safu ya tatu, amesema. Nilianzia huko, ndipo nikashtuka.

Umekata vipi?

Ameshageuka, yuko langoni, anangoja. Viatu vyangu sivioni.