Gego Lisilo na Mrithi

Jumatatu, 3 Machi

Cherehani anatafuna upande mmoja. Binti yangu huyu, miaka minane, mdomo haupoi kutwa — ndiyo asili ya jina — na leo kimya! Kumbe gego la chini limetoboka. Mheshimiwa mume wangu akatoa hukumu bila hata kuchungulia: la utotoni hilo, ling'olewe, litaota jingine. Akaongeza kwamba kwao meno ni mawe, ubovu umetoka ukoo wangu. Haya.

Jumatano, 5 Machi

Kwa daktari wa meno. Mama mpole, ila hayumbi: hang'oi jino la mtoto kabla ya eksirei. Mheshimiwa akaja juu — mionzi kwa mtoto! Daktari akamtuliza. Picha moja, mionzi kiduchu, tena atavaa aproni ya risasi.

Cherehani akaruka kitini. "Kwani nitapigwa risasi?"

Ilibidi aeleweshwe kwamba hii ni risasi ya madini, ya kukinga mionzi, si ya kuua. Akaipapasa, akaikubali. Kipande cha plastiki cha kung'ata wakati wa picha alikitema, akakitema tena, mwisho akakibana kama mamba. Tayari!

Kwenye skrini, chini ya meno ya utotoni, ya ukubwani yamejipanga yanangoja zamu. Chini ya lile bovu — patupu. Na sisi tulikuja kuling'oa!

Daktari akasema jino la kulirithi halikuumbwa kabisa, hutokea. Basi hili lizibwe, litunzwe, linaweza kumfikisha mbali. Mara nyingi ni mambo ya ukoo. Mheshimiwa akaninyooshea kidole. Nikafungua mdomo, nikakaguliwa: yangu yote yapo.

"Na wewe, baba?" daktari akamgeukia.

Ghafla Mheshimiwa akakumbuka anachelewa kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Mheshimiwa kajifungia bafuni na tochi ya simu. Kisa? Ananyoa ndevu, ati. Ndevu za ndani ya mdomo!

Jumanne, 11 Machi

Gego limezibwa. Cherehani hakulia, na mdomo una ganzi lakini umesharudi kazini.

Daktari hakusahau. Mheshimiwa akakalishwa, akachunguliwa kushoto, akachunguliwa kulia. Daktari akaligonga jino moja kwa kioo chake. Kisha, kwa heshima zote: "Baba, hili dogo… nadhani ni la utotoni."

Mtu na kitambi chake! Nikajifanya nakohoa.

Eksirei ndiyo itakayosema kama chini yake nako ni patupu. Kwa hiyo nipo benchi la nje, naandika kwenye goti. Cherehani keshawatangazia wagonjwa wote kwamba baba yake ana jino la mtoto. Mzee mmoja kampa pole.

Mlango umefunguka. Muuguzi katoa kichwa, anabana kicheko: mgonjwa anaomba mtu wa kumshika mkono kidogo, kabla picha haijapigwa. Nimenyanyuka — Cherehani kanipita mbio.

Namsikia huko ndani. "Fungua basi, Baba. Mimi nipo."

Mheshimiwa anajibu kwa pua: mm-mm.

"Baba. Fungua."