Mayu, Luc Amekuja Kukuulizia

Mayu,

Luc amekuja, mama yangu. Yule mtoto wa wazungu wa pamba uliyekwenda kumlea kwao Ufaransa kabla sijazaliwa. Sasa ni mtu mzima, ana mvi. Alifika hapa Mwamapalala juzi, akauliza kwa Kiswahili chako kabisa, "Mayu yupo?" Nikampeleka kaburini. Akakaa chini kwenye udongo.

Watu walikucheka sana kwa habari za shamba la kwao. Zabibu hadi macho yachoke, zilizoanzishwa na watawa zamani sana. Halafu wadudu wakala mizizi yote, majirani wakahama, akabaki mjane mmoja akipandikiza miche upya juu ya mizizi iliyotoka Marekani. Ulimtaja mjane huyo huku unapeta mpunga, kana kwamba ni dada yako. Luc anasema ni bibi wa babu yake. Hukutunga, Mayu.

Alileta chupa ya mvinyo wa mwaka ule ulipochuma zabibu wewe. Tuliinywa uani, mimi na yeye tu. Shangazi waliokuja kumsalimu walikataa hata kusogea, wao ni wa kanisa. Nilidhani ni tamu kama juisi. Kumbe inakausha ulimi! Luc akacheka, "Mayu naye alitema." Akanieleza mlivyoacha juisi ichachuke pamoja na maganda mpaka iwe nyekundu, kisha mkailaza kwenye mapipa ya mwaloni miezi na miezi. Na mayai! Ute mnautia kwenye pipa kusafisha mvinyo, viini unawakaangia watoto. Hilo hukuniambia. Nimeumia, Mayu. Yako mengine mangapi, na nitamuuliza nani?

Ameondoka jana. Nyumba imenyamaza. Asubuhi nimekusalimu "Mwangaluka, Mayu" kwa mazoea, nikasimama mlangoni kama mjinga.

Amenialika msimu wa kuchuma zabibu. Nimekubali. Nataka kuona ulipokuwa binti, ulipocheka na watu nisiowajua. Nakuahidi nitarudi kabla ya mvua za kupanda pamba, kaburi lako lisije likaota majani.

Nguo nimeshazikunja. Nilitaka kumuaga mtu, nikazunguka vyumba vyote, nikarudi kukaa na kalamu hii. Sina mwingine wa kumuaga.

Baki salama, Mayu. Mimi naenda.

Kabula wako