Vumbi Ulilokuwa Ukiliita Nyuzi

Kambale, ndugu yangu,

Kama huko uliko kuna pa kukaa, kaa, maana leo nina hasira nawe. Wengine huwaandikia marehemu wao kwa machozi. Mimi matanga yako nimeyamaliza, sasa nataka kukugombeza. Mtu hafi katikati ya ubishi! Umeniachia madarasa yako ya biolojia, umeniachia mikroskopi yenye skrubu iliyolegea, na, Mungu anisaidie, umeniachia Kavira.

Binti yako huyo anakaa mstari wa mbele, kimya, kichwa kigumu. Katika jaribio niliwaambia wachore seli ya mmea. Wote walichora kama kitabu kinavyotaka: kiini peke yake, punje za kijani peke yake, kila kitu kinaelea mbali na mwenzake kama maharagwe kwenye supu. Yeye akachora nyuzi. Kutoka punje hadi punje, kutoka punje hadi kiini, nyuzi tupu! Chini akaandika, "Haviachani." Nikampunguzia alama. Nikamwita, nikamweleza kwa upole kwamba mtihani wa Serikali hausahihishwi hapa Goma, kwamba atakayeusahihisha hamjui baba yake, na bila diploma hakuna chuo kikuu. Akaniangalia kwa macho yako yale yale.

"Mwalimu, Papa alionaka."

Basi. Baba aliziona; hilo ndilo jibu lote. Na mimi je, sikuwa nimesimama pale kwenye mikroskopi? Unakumbuka tukirudi kutoka ziwani, Lac Vert, na majani ya maji ndani ya bido, kile kidumu chetu cha plastiki, wewe umelowa mpaka magotini, akina mama wa mtaa wa Katoyi wakiuliza kama walimu siku hizi wanakula magugu? Kila mara nilikuambia: unachokiona ni vumbi letu jeusi la volkano, kwa sababu unafuta kioo kwa mkono wa koti lako la abakosti. Nawe, jicho halibanduki: "Haiko vumbi, ndugu. Ngoya kidogo. Weye uko na haraka ya bure." Haraka, mimi! Na wewe uliyekuwa ukisahau chai yako mpaka nzi wanazama.

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya usafi ya mtaa mzima, niliamua kuyamaliza. Nilimweka Kavira na mikroskopi karibu na dirisha, nikasafisha kioo mwenyewe kwa kitambaa safi na kanyanga, kwa kuwa alkoli ya maabara ilikwisha zamani na ile pombe ndiyo dawa yetu. Nilisugua kwa hasira, Kambale. Halikubaki vumbi lolote. Juu ya kioo nikaweka kipande cha jani la maji. Nilitaka aone mwenyewe kwamba nyuzi hakuna, aandike kama wenzake, apite.

Nikachungulia kwanza mimi. Punje zinazunguka, kila moja na njia yake. Nikataka kuinuka, naye akasema, "Ngoya kidogo." Nikangoja, kumkomoa tu. Punje moja ikavutwa na mkondo, ikaenda, nikasema moyoni, haya, imeachana na mwenzake. Halafu nikauona mkia. Mwembamba, umenyooka nyuma yake, unatetemeka, na haumwachii mwenzake.

"Kambale, kuya uone!"

Niliita kwa sauti, nimeshageuka, mkono umeshanyooka kukuvuta shati. Niliyemkuta pale ni Kavira. Aliushika ule mkono, na tukalia sote wawili kama wapumbavu, mlango wazi.

Bado nina hasira. Neno "umeshinda" lilikuwa lako, na umeondoka kabla sijalitoa. Na mwanao bado mbishi! Ilinibidi nimbembeleze wiki nzima ndipo akubali: kwenye mtihani ataandika ya kitabu, apate diploma yake, darasani kwangu atachora alichokiona, na wenzake watachungulia mmoja mmoja, na wataambiwa wangoje. Hilo nakuahidi. Na chuo kikuu atafika, hata kama nitauza baiskeli.

Lala salama, ndugu. Siku hizi kila nisemalo katika chumba cha walimu, wote wanakubaliana nami. Sipendi hata kidogo.

Wako,
Bahati