Ulisema Mimba Si Ugonjwa

Letlhatse, Kgalagadi
14 Februari 1993

Wifi yangu Keneilwe,

Nakusalimu wewe na kaka Mmoloki. Natumaini mu wazima, na kwamba huko Palapye mmepata mvua, maana huku tumepata mchanga tu. Mimi si mzima, na ndiyo sababu ya barua hii.

Najua umeushangaa mwandiko wangu. Ni mwaka mmoja na nusu sasa sijakuandikia, na hata kadi ya Krismasi niliandika jina la kaka peke yake.

Nina mimba. Ni wiki ya nane kama nimehesabu vizuri. Baba yake ni Onkabetse, yule dereva wa greda. Yuko porini na kambi ya barabara, anarudi mwisho wa mwezi. Wifi, natapika. Sisemi kule kutapika kwa asubuhi ambako kila mwanamke anakusimulia huku anacheka. Jana nilihesabu mara ishirini na sita, nikachoka kuhesabu. Maji yanarudi. Mate yangu mwenyewe siwezi kuyameza, natembea na kopo kama mvuta ugoro. Juzi niliwaambia watoto wasome kimya, nikatoka nikapiga magoti nyuma ya darasa. Nilipoinua kichwa, darasa zima lilikuwa dirishani. Mmoja akasema, "Mwalimu amelishwa kitu."

Nesi wa zahanati alinitazama tu akasema, "Mma, mimba si ugonjwa. Kula biskuti kavu, urudi kazini."

Unajua neno hilo nililisikia kwa sauti ya nani? Yangu.

Nakuomba, niambie ulikunywa nini kikakaa tumboni. Sina mwingine wa kumuuliza.

Wifi yako,
Gorata


Palapye
2 Machi 1993

Gorata,

Barua yako imefika. Sisi ni wazima. Kaka yako ameingia zamu ya usiku mgodini.

Nilikuwa nimeamua nisikujibu. Niliiweka barua juu ya kabati siku tano, kila nikipita naiona. Mmoloki akaniuliza, "Gorata anasemaje?" Nikamwambia, "Anasema kwao hakuna mvua."

Umeuliza nilikunywa nini kikakaa. Hakikukaa kitu, Gorata. Ulikuwepo. Ulikuja likizo ya Agosti kunisaidia, ukanikuta sakafuni, ukasema kama naweza kutembea mpaka chooni naweza kutembea mpaka jikoni. Nilimwomba mume wangu anipeleke hospitali, ukamwambia, "Anakupima huyo, anataka uache kazi umbembeleze." Naye akakusikiliza wiki mbili nzima.

Nyonya barafu. Ukipata.

Mke wa kaka yako,
Keneilwe


Letlhatse
9 Machi 1993

Wifi,

Hujambo? Sitaandika mengi, kalamu inanitia kizunguzungu.

Yote uliyoyaandika ni kweli. Nimeyasoma mara mbili. Sina cha kujitetea. Nilikuona ukikonda nikasema unaringa, kwa kuwa mama alituzaa saba akilima, na mimi nilidhani ndivyo mwanamke anavyopimwa. Ulipotolewa hospitali bila mtoto sikuja kukusalimia. Nilisema nimeshikwa na mitihani. Haikuwepo mitihani.

Sasa nisikilize hata kama unanichukia. Siendi kazini wiki ya pili. Nimelala kwenye kijumba cha walimu, mlango wazi, maana nikiufunga nasikia harufu ya godoro. Sketi yangu ya buluu inaanguka. Mma-Tiro, mpishi wa shule, ananiletea maji kwa kijiko. Onkabetse alikuja siku mbili, akasimama mlangoni ameshika kofia, akaniuliza kama nimemkosea mtu. Kisha akarudi kambini.

Kuna mwanamke ng'ambo ya mpaka ambaye watu wanamtaja. Wanasema inachukua nusu saa. Nimeshampata wa kunipeleka, Ijumaa ya tarehe ishirini na sita. Mtoto huyu namtaka, wifi. Lakini sioni nitafikaje kesho, sembuse Septemba. Naomba Mungu amchukue mwenyewe ili nisimwondoe mimi. Mtu gani anaomba hivyo?

Gorata


Palapye
15 Machi 1993

Gorata,

Natumaini barua hii itakuwahi. Nimempa dereva wa basi la Gaborone mkononi, ameahidi kumkabidhi mwenzake anayekuja huko.

Unauliza mtu gani anaomba hivyo. Mimi niliomba hivyo.

Sijamwambia mtu, hata Mmoloki. Ilikuwa Jumapili, ninyi mmekwenda kanisani, nami nimelala na uso kwenye saruji kwa sababu ilikuwa baridi. Nikasema, Mungu, mchukue, nimechoka. Siku nane baadaye akachukuliwa. Nikaamini kwamba nilimuua kwa mdomo wangu. Ndiyo maana sijathubutu kushika mimba nyingine, si kwamba siwezi kama mama yenu anavyowatangazia watu huko kwenu Bobonong.

Nilibeba jambo hilo mpaka mwaka jana, nikakutana sokoni na nesi aliyenihudumia, Mma Ditlhong. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Akaweka kapu chini akasema, "Keneilwe, kila mwanamke niliyemwona na ugonjwa huo aliomba ombi hilo. Wote. Na wengi wao wana watoto wanaosoma sasa. Si ombi lililokuumiza. Ni kwamba mlikuja mmechelewa, mwili umekauka." Nililia pale kati ya vitunguu, watu wakadhani nimeibiwa.

Basi jua hilo kwanza: wewe si mchawi wala si mama mbaya. Huo ni ugonjwa. Una jina refu la kidaktari na una tiba.

Ya pili, nimekwenda kwa Mma Ditlhong kwa ajili yako. Ameandika karatasi niliyoiambatanisha hapa. Usimsomee nesi wa huko, mpe aisome mwenyewe. Imeandikwa upimwe mkojo, upimwe uzito, uwekewe dripu, na kwamba mtu aliyekaa wiki bila kula achomwe vitamini kabla ya kupewa maji ya sukari. Zipo dawa za kuzuia kutapika ambazo mjamzito anapewa. Hazikomeshi yote, lakini mtu anapata nafasi ya kumeza kitu. Mkojo wako ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ukikosa tangu asubuhi mpaka jua linazama, usingoje kukuche.

Ya tatu ndiyo kubwa. Usiende peke yako. Mtu anayetapika hana nguvu za kugombana, na wao wanamsikiliza anayegombana. Mimi sikuwa na wa kunigombania. Mpeleke Mma-Tiro. Mwambie akae kwenye benchi na asiondoke hata wakimfukuza.

Kuhusu yule mwanamke wa ng'ambo: sitakwambia nenda, sitakwambia usiende. Hakuna anayejua unapitia nini ila wewe, na mimi kidogo. Ninachokuomba ni umwone daktari kwanza, upate maji mwilini, kichwa kikutulie. Ukishaweza kukaa ukaongea, uamue. Usiamue ukiwa sakafuni. Na usikubali mtu anayefanya kwa nusu saa nyuma ya nyumba ya watu, Gorata. Ulivyokauka hivyo utamfia mikononi.

Sijaandika haya kwa sababu nimekusamehe. Bado. Nimeandika kwa sababu sitaki mwanamke mwingine alale kwenye saruji ile.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Keneilwe


Palapye
4 Aprili 1993

Gorata,

U hali gani? Sijapata jibu. Dereva anaapa kwamba barua alimpa mwenzake, na mwenzake anasema aliiacha dukani. Tarehe ishirini na sita imepita. Siku ile niliunguza chakula mara mbili.

Kama ulikwenda, niambie. Sitakuuliza swali lolote. Nataka tu kujua kama u hai.

Wifi yako,
Keneilwe


Palapye
13 Aprili 1993

Gorata,

Leo nimepanga foleni posta kupiga simu shuleni kwenu. Aliyepokea amesema, "Mwalimu hayupo, alichukuliwa na gari." Nikauliza gari gani, la nani? Simu ikakatika. Nimepiga tena mpaka sarafu zikaniishia.

Nimemwambia Mmoloki kila kitu, na lile ombi langu pia. Alikwenda akakaa kwenye gari uani, milango imefungwa, na nilimwona mabega yanatikisika. Kesho anaomba ruhusa kazini aje kukutafuta.

Wifi yako


Hospitalini
18 Aprili 1993

Wifi yangu Keneilwe,

Salamu. Leo naandika nimekaa, mgongo kwenye mto. Kaka amefika jana. Ataibeba barua hii, na ameniletea zako mbili ambazo sikuwa nimezipata. Nisamehe kwa kimya changu.

Ile ndefu ya Machi niliipata tarehe ishirini na tano, siku moja kabla. Mma-Tiro ndiye aliyenisomea, mimi herufi zilikuwa zinaruka. Alipofika pale ulipoandika kwamba na wewe uliomba, aliacha kusoma, akatoka nje. Aliporudi alikuwa amevua aproni ya shule. Akasema, "Twende."

Zahanati tulikaa tangu asubuhi. Nesi akasema daktari anakuja Alhamisi ijayo. Mma-Tiro akamwambia, "Vizuri, tutamngoja hapa hapa," akaweka ndoo yangu ya matapishi katikati ya mlango, kila anayeingia airuke. Nesi akapaza sauti, "Mma, toa uchafu huu!" Naye akajibu, "Uchafu ni wako, mgonjwa ni wako, karatasi umepewa. Isome." Akaisoma. Alipopima mkojo wangu uso wake ukabadilika. Nikapandishwa gari jioni ile ile, tukakaa muda wa saa tisa barabarani, Mma-Tiro amenishika kichwa bila kusinzia hata kidogo.

Nina dripu mkono huu, kesho mkono mwingine. Daktari amesema ningechelewa siku mbili au tatu, wangenizika mimi na mtoto. Bado natapika mara sita au saba kwa siku. Sikudanganyi, kuna asubuhi nalia tu. Lakini jana vijiko vinne vya uji vilikaa.

Nilikuwa na nafasi ya kuamua nikiwa nimekaa, kama ulivyosema. Nimeamua kuendelea. Siku nyingine naamua tena upya mchana.

Kitanda cha jirani kuna msichana kutoka Ghanzi ana ugonjwa huu huu, na mama mkwe wake amemwambia amerogwa. Nilimsomea kipande cha barua yako. Ameomba anwani yako. Nimpe?

Wifi yako,
Gorata


Bobonong
19 Septemba 1993

Wifi yangu,

Nakusalimu. Sisi wawili ni wazima, na mama pia anakusalimu, ingawa kwa aibu. Ni msichana. Alizaliwa tarehe kumi na moja, kilo mbili na robo, mdogo kama njiwa lakini analia kwa sauti ya mtu anayedai haki. Nilitapika mpaka nikiwa leba. Alipotoka tu, nikaomba chai, ikakaa, nikaanza kulia kwa ajili ya chai.

Niko ndani ya botsetsi sasa, nimefungiwa na mtoto, gogo limelazwa njiani kuzuia wageni, haingii mtu mpaka miezi mitatu iishe ila wa nyumbani.

Kuna jambo nikiri. Nilipokuja huku Agosti, basi lilisimama Palapye nusu saa. Niliiona njia ya kwenu, tumbo langu liko hapa mbele, nikajiuliza utajisikiaje ukilifungulia mlango. Sikushuka.

Mama na mimi tumekubaliana mtoto aitwe Keneilwe. Ni kwa ajili yako, na kwa ajili ya yule wako. Naomba ukubali. Ni kitu pekee nilicho nacho cha kukupa.

Wifi yako,
Gorata


Palapye
30 Septemba 1993

Wifi yangu Gorata,

Nimefurahi mu wazima. Nimefurahi kweli, na siku ile nilipopata habari nilikosa usingizi pia, yote mawili.

Usimpe jina langu. Mtoto si kitu cha kulipia, na sitaki akue akiitwa kwa kosa lako na msiba wangu. Wangu nilimpa jina mwenyewe, nimekaa nalo, sitakwambia. Huyu mtafutie jina la furaha ambalo halijatumiwa na mtu.

Ulifanya vizuri kutoshuka. Nisingekufungulia. Siku ile nisingeweza.

Yule msichana wa Ghanzi ameniandikia mara tatu. Mwingine ameandika kutoka Letlhakane, sijui anwani ameipata wapi. Jioni nakaa mezani nawajibu, na Mmoloki ananichemshia chai bila kuombwa.

Mama ametuma mtu kusema wa nyumbani ni pamoja na mimi, kwa hiyo gogo halinihusu. Nimefikiria wiki nzima. Nitakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nitafua, nitapika, nitakukanda mgongo.

Mtoto usinipe. Mlaze mahali ninapoweza kumwona, uniache. Nikiwa tayari nitaomba mwenyewe.

Wifi yako,
Keneilwe