Sentimita Mia na Ishirini

Jumapili, 30 Aprili 1995

Tumeshinda. Naliandika neno hili kwa tahadhari, kwa kuwa tangu asubuhi nimeisoma barua mara nne nikitafuta mahali penye hila — sikupaona. Kampuni ya sabuni inatualika, watu watano wa nyumba moja, siku mbili katika bustani ya michezo ya maji iitwayo Mawimbi, kaskazini ya Dar es Salaam. Nauli juu yao. Malazi juu yao.

Mshindi kwa haki ni mama mkwe wangu, Bi Mwanakhamis, aliyekuja kutoka Pemba mwaka jana kumuuguza mjukuu wake na hajarudi. Ndiye aliyekusanya makaratasi arubaini ya sabuni, akayanyoosha moja moja, akanituma posta. Nilimcheka. Mwaka 1983 nilipanga foleni ya sabuni pale Usagara, hapa Tanga, tangu alfajiri, nikarudi na kipande kisichotosha kufua kanzu mbili. Leo sabuni hiyo hiyo inanibembeleza, inanipeleka matembezini! Wataalamu wa uchumi na waeleze. Mimi ni mtu wa miti.

Hakuna kati yetu aliyewahi kufika mahali pa namna hii. Ndani ya bahasha mna kijitabu cha picha, Kiingereza kitupu, nami niliwatafsiria baada ya chakula. Kuna kitu wanachokiita mto mvivu. Bi Mwanakhamis akauliza mto unaozunguka na kurudi ulikotoka unakwenda wapi. Nikajibu kwamba hauendi popote.

“Basi birika hilo, mkwe wangu.”

Nikafungua ukurasa mwingine.

Tuhfa, binti yetu mdogo, miaka minane, hakutaka mto wala birika. Aliweka kidole juu ya picha moja: bomba la kijani, refu, limejipinda kama joka, watoto wanatokea mdomoni mwake huku wakipiga mayowe. “Hili, baba.” Tangu augue, kila mtu humwambia usikimbie, usiruke, utachoka. Hajaomba kitu kwa miezi minane.

Chini ya picha, kwa herufi ndogo: asiyefika sentimita 120 haruhusiwi.

Sentensi hiyo sikuitafsiri.


Jumatatu, 1 Mei

Sikukuu. Nilitoa tepu ya kazini, nikamwita Tuhfa asimame penye mlango. Nia yangu ilikuwa njema na ya kimantiki: kama hafiki 120, ni heri ajue hapa nyumbani Mabawa kuliko kuaibishwa langoni mbele ya watoto wa watu.

Bi Mwanakhamis alitoka jikoni na mwiko mkononi.

“Wampimia nini mwanangu? Sanda?”

Nikamweleza kuhusu bomba, sharti, sentimita. Hakusikia. Mtoto aliyetoka kitandani hapimwi, akasema, na humu ndani akiwapo yeye hatopimwa. Mke wangu Zuwena akanikonyeza nikunje tepu. Nikakunja. Maulid, kaka yake Tuhfa, akaona fursa: “Hata asipopimwa ni mbilikimo!” Mwiko ukamfuata yeye.

Imani za wazee. Nitatafuta njia nyingine.


Jumatano, 3 Mei. Kazini, msitu wa Amani

Mvua tangu jana. Tumepima miti sitini na miwili katika shamba la majaribio namba saba. Mingi imenenepa, mitano haijaongeza hata milimita. Mwenzangu Timotheo aliniona naandika “120” pembezoni mwa jedwali. Nikamweleza kisa, nikasema ningependa kumpima mtoto kila wiki hadi safari ya Juni. Akacheka mpaka akaegemea mti.

“Bwana Uweso, hata mvule ukiupima kila wiki utasusa kukua.”

Nitaliandika hapa jambo ambalo sijamwambia hata Zuwena. Najua tayari kimo cha Tuhfa cha mwaka jana. Ni sentimita 114. Ninajua kwa sababu nilimpima.

Ijumaa, 19 Agosti. Malaria ilikuwa imempanda kichwani, siku ya tatu hatambui mtu. Daktari, kwa upole, alinambia nijiandae. Nami hujiandaa, ndiyo tabia yangu. Zuwena alipotoka kwenda kusali nilitoa mfukoni uzi wa katani tunaofungia vibao vya miti, nikaulaza ubavuni mwa mtoto toka kisigino hadi utosi, nikafunga kifundo. Nikaenda dukani nikanunua bafta nyeupe, ya sanda.

Jumapili alifumbua macho akaomba uji.

Bafta na uzi nilivificha chini kabisa ya sanduku langu la vitabu. Sikuweza kuvitupa, wala kuvigawa. Sijui ni kwa nini, na hali ya kutojua hainipendezi.


Jumamosi, 6 Mei

Ufumbuzi! Kuupima mti mrefu hakuhitaji kuukwea. Hupimwa kivuli chake. Saa nne asubuhi jua lilikuwa zuri. Nilisimamisha fimbo ya mita moja uani, nikamwambia Tuhfa acheze karibu yake. Kivuli cha fimbo: sentimita 84. Kivuli cha Tuhfa, kwa sekunde chache alizotulia: 100.

Mia gawanya kwa themanini na nne. Sentimita 119.

Kosa linaloweza kuwamo, kwa kuwa uwanja una mteremko na mtoto ana mabutu mawili kichwani: sentimita moja na nusu, juu au chini. Yaani jibu ninalolitafuta limejificha ndani ya kosa lenyewe.

Nilipoinua kichwa, Bi Mwanakhamis alikuwa dirishani.

“Ehe! Leo hata kivuli chake hukiachi!”

Lakini 119, toa 114, ni tano. Tano katika miezi tisa! Nimekaa na tarakimu hiyo siku nzima. Anakua.


Ijumaa, 26 Mei

Bustani wamejibu. Niliwapelekea maswali sita, yenye namba, wamejibu mawili. La kwanza: sharti la kimo halina msamaha, na kipimo ni chao, langoni. La pili, ambalo lilimhusu zaidi Zuwena: mtu aweza kuingia majini amejisitiri atakavyo, ila katika mabomba nguo isiwe na kifungo wala zipu, na buibui haliruhusiwi.

Bi Mwanakhamis akasema nguo atashona yeye: suruali pana na shati la mikono mirefu, za kufunga kwa kamba. Kitambaa anacho.

“Umekipata wapi, mama?” Zuwena akauliza.

“Kipo.”

Na akaiita cherehani yake ya mkono iletwe barazani, kama mtu anayeita gari.


Jumapili, 4 Juni

Naandika jioni.

Nilifungua sanduku la vitabu nitafute ramani ya barabara. Bafta haipo. Uzi upo, umekunjwa vizuri kuliko nilivyoukunja mimi.

Nikatoka uani. Kwenye kamba ya nguo zilikuwa zimeanikwa suruali ndogo na shati, rangi ya manjano iliyokolea. Bi Mwanakhamis alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

“N'nakitia manjano. Kingebaki cheupe kingemwonesha akirowa.”

Nikamwamkia, shikamoo, ingawa nilishamwamkia asubuhi.

Kitambaa alikiona tangu mwezi wa tisa, akasema, alipokwenda kutia karafuu sandukuni kwa ajili ya mende. Aliona kitambaa, akaona uzi na kifundo, akaelewa. Akarudishia vitabu juu yake. Hakumwambia mtu, wala binti yake.

“N'kasema, huyu mwanamume kabeba hili peke yake. Na lisemwe na mwenyewe siku atakayolitua.”

Nikauliza kwa nini basi alinizuia kumpima, ikiwa si imani za wazee.

“Imani gani? Miye sikatai rula. Nakataa mkono. Mkono ulompimia lile usimpimie na hili. Langoni kuna mtu? Basi na apimwe na huyo, asiyemjua.” Kisha, akipepeta: “Bafta nzuri. Uliinunua bila kubembeleza bei, naona.”

Kosa langu, na niliandike kama ninavyoandika makosa ya wengine: nilimhesabia mama huyu ujinga kwa mwezi mzima, ilhali ni mimi niliyekuwa sijui kinachozungumzwa.

Nimelala kidogo mchana. Sikumbuki mara ya mwisho nilipolala mchana.


Jumanne, 13 Juni. Ndani ya basi

Mwandiko mbaya, barabara ndiyo sababu. Tumetoka saa mbili. Bi Mwanakhamis na wajukuu wako mbele. Amebeba mkate wa kumimina wa kutosha abiria wote, na nadhani ndiyo nia yake.

Baada ya Muheza nilimweleza Zuwena. Yote: daktari, uzi, duka, sanduku, na ile nguo ya manjano iliyomo kikapuni. Nilieleza kwa mpangilio wa tarehe.

Pale Segera, wauza machungwa wakigonga dirisha, akasema: “Siku ile sikutoka kwenda kusali, baba Tuhfa. Nilikwenda nyuma ya jengo kulia, usinione.”

Kwa hiyo tulijificha kila mmoja kwa upande wake, siku ile ile, saa ile ile. Amenunua machungwa sita, amenimenyea moja.


Jumatano, 14 Juni. Mawimbi

Asubuhi. Chumbani. Mahali hapa ni pa ajabu: mnazi wa saruji umesimama mita tatu kutoka kwenye mnazi wa kweli! Mto mvivu nimeuona. Ni birika.

Kimetokea kisa. Kamba ya suruali ya Tuhfa ilikatika alipokuwa akivaa, mtoto akaanza kutokwa machozi. Bi Mwanakhamis akanyoosha mkono kwangu, kiganja juu.

“Lete ule uzi wako.”

Sikumwambia mtu kwamba ninao. Ulikuwamo katika mfuko wa shati tangu Tanga. Nikautoa. Kabla ya kuupitisha kwenye suruali, yeye mwenyewe, yule aliyenizuia na mwiko mkononi, aliubana mwisho mmoja kwa kidole cha mguu wake kwenye kisigino cha mtoto, akaunyoosha juu nyuma yake. Kifundo kiliishia chini ya utosi, mahali nywele zinapoanza kusukwa. Zuwena akashika mdomo.

“Haumfikii tena,” Bi Mwanakhamis akasema. Akang'ata uzi kwa meno, akaukata, akamfunga mjukuu suruali.

Tuhfa akauliza ni uzi wa nini. “Wa suruali,” nikamjibu. Kwa sasa hilo ni sahihi kabisa.

*

Saa tatu na nusu. Mbele ya joka la kijani. Naandika nimesimama, daftari juu ya mgongo wa Maulid, ambaye ameshapimwa na kupita kwa kichwa kizima na sasa ana kiburi kisichovumilika. Watoto sita mbele yetu. Sasa watano. Msichana mwenye filimbi shingoni anasimamia ubao wenye mistari. Mvulana mmoja amerudishwa, analia.

Zuwena alimsuka Tuhfa mabutu manne ya juu. Maulid: “Kichwa kimeota minazi!” Msichana ameyaona pia. Amesogea kwenye foleni, anayalaza kwa kiganja, kwa upole. Nilijua atafanya hivyo. Ningefanya vivyo hivyo.

Wawili. Mmoja.

Ni yeye. Manjano matupu, mgongo kwenye ubao. Bi Mwanakhamis anapaza sauti mpaka watu wanageuka: “Simama wima, mama! Mwache akupime!”

Kibao kinashuka kuelekea kichwani. Sikitazami. Natazama miguu yake, kwa mazoea ya kazi. Kipimo huharibikia chini. Na hapo chini nimeona visigino vikinyanyuka, vyote viwili, polepole, sentimita moja hivi. Msichana mwenye filimbi anatazama juu. Miaka kumi na tisa ya kupima miti sijawahi kuliona kosa la kipimo nikanyamaza. Tuhfa ananitazama. Nami namkonyeza, nafunga daftari.