Mlima Usio na Njia

Penrith, Sydney
12 Juni 2016

Kaka Barasa,

Mimi ni mzima. Baridi imeanza huku, na jirani yangu Katungu, yule Mkongomani, huniletea sombe, kisamvu cha kwao, kila Jumapili.

Mwezi jana nilikwenda likizo Ayalandi, kwao Nuala, muuguzi mwenzangu. Akanipandisha mlima. Kaka, mlima ule hauna njia, hata ya mbuzi! Umesimama kama ukuta. Tulipanda kwa mikono na magoti, tukishika nyasi zilizolowa, ukungu umetumeza.

"Njia iko wapi?" nikamuuliza.

"Hapo unapokanyaga," akasema.

Karibu na kilele ukungu ukapasuka. Chini yangu nikaona maziwa matatu meusi, na ng'ambo yake bahari, na kimya kikubwa mno. Nilivua kofia kama niko kanisani.

Kileleni kuna rundo la mawe, na kila anayefika huongeza lake. Niliokota langu, lakini mkono ukakataa kuliachia. Nilikumbuka kwamba watoto wote wa Baba walitupa udongo kaburini isipokuwa mimi. Wakati ule ningetoka huku kabla ya kupata karatasi za ukaazi, nisingeruhusiwa kurudi, hilo nilikuambia. Sikukuambia kwamba saa mlipokuwa mnamzika, nilikuwa kazini nikimwogesha mzee wa watu.

Utauliza mbona karatasi zilipotoka nilianza na Ayalandi. Niliuogopa uso wako.

Nitakuja Desemba. Mama anasema mmeshanunua saruji ya kujengea kaburi. Tafadhali, Kaka, nisubirini. Mimi bado sijatupa udongo wangu.

Dada yako,
Nekesa