Pigo Moja Mbele

Shikamoo Baba,

Sijui huko uliko marahaba huitikiwa kwa sauti gani, ila wewe lazima unaitikia kwa besi. Nakuandikia kwa sababu kwaya moja ya mjini Morogoro inataka kuchapisha wimbo wako wa shukrani ya mavuno, ule ambao sauti ya kwanza inaingia pigo moja kabla ya wenzake. Mwalimu wao alinipigia simu kwa adabu zote. "Dada, hapa marehemu mzee aliteleza kidogo. Turuhusu turekebishe." Nikikubali, jina lako litakaa juu ya wimbo ambao si wako sawasawa. Nikikataa bila sababu, nitaonekana binti anayetetea kosa la baba yake. Nikamwomba siku chache.

Wewe, uteleze? Wewe uliyejifunza kinanda misheni kabla hujavaa viatu, ukafundisha shule kule Mlali na kwaya jioni, kisha ukarudi Mgeta na nyimbo zako? Nakumbuka ulivyotukatiza katikati ya Amina, mkono hewani, eti kuna mtu wa sauti ya tatu amekunywa chai ya moto na sauti imemlegea. Na kweli alikuwa amekunywa! Mwenye sikio lile hasahau pigo zima. Lakini nilipoupiga wimbo kwenye kinanda, sauti ya kwanza ilikuwa kama mgeni aliyefika karamuni wali bado haujaiva. Nilicheka peke yangu, kisha nikaanza kukuchunguza.

Nikakumbuka misimu ya mavuno, watu walipokosa nafasi ya kuja mazoezini. "Wasipokuja kanisani, kanisa litawafuata," ulisema, ukapanda juu ya lile jiwe la kijitoni na fulana nyeupe mkononi. Sauti ya kwanza walikuwa ng'ambo wakivuna karoti, besi na sauti ya tatu wako barabarani wakipakia kabichi kwenye lori, na mimi na wenzangu wa sauti ya pili tuko kwenye njegere. Ulipoishusha fulana, bonde lote liliimba. Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba mtu akipasua kuni ng'ambo, shoka huonekana kwanza, mlio hufuata. Basi nikashuku kwamba walio mbali uliwatanguliza makusudi, ili wafike pamoja na wengine.

Jumamosi nikawapanga wanakwaya ulioniachia vilevile, nikapanda jiweni, nikashusha fulana. Wapi! Sauti ya kwanza bado walitangulia. Tukarudia, tukarudia tena. Niliona aibu, Baba, nikaanza kuamini kwamba mwalimu wa mjini ana haki. Nikamwachia msaidizi wangu fulana, nikashuka nyumbani kunywa maji.

Unajua nyumba yetu ilivyo, chini kabisa ya barabara, mbali na ng'ambo kuliko jiwe lako. Nilipotia mguu uani, sauti zote nne zikafika kwa pamoja. Zilikutana pale pale, juu ya sufuria, mbele ya Mama aliyekuwa amekaa mkekani akimenya viazi.

Mwalimu wa mjini nimeshamjibu kwamba wimbo usiguswe, na akitaka sababu aje Mgeta asikilize. Ameahidi kuja. Ila kilichonifanya nishike kalamu ni maneno ya Mama.

Unakumbuka mguu ulivyomshinda, akaacha kupanda kanisani. Miaka yote hiyo nilimwonea huruma, nikidhani nyimbo zako zinampita. Nikamuuliza, "Mama, kumbe ulijua?"

"Nijue nini?"

"Kwamba kanisani wimbo huu haukutani. Sauti ya kwanza wanatangulia."

Akaacha kumenya. "Haukutani? Mimi nilidhani wote mnausikia hivi."

"Hata jiweni kwa Baba haukutani. Nimetoka huko sasa hivi."

Akasikiliza ubeti mzima. "Sasa mzee alikuwa anamwimbishia nani?"

Natamani ungekuwapo umjibu mwenyewe. Ulitunza siri ile vipi, na ulishuka mara ngapi kuja kupima? Nilimpa jibu lako.

"Wewe, Mama."

Akarudia kiazi chake, akakimenya na kukimenya mpaka hakikubaki kiazi.

Pumzika, Baba. Umesikika.

Kitindamimba wako,
wa sauti ya pili